Daftari la Njugu

Nyamakima, duka la tatu kutoka kona,
kabla jua halijagusa mabati
huwa nimeshapima kilo themanini.
Njugu hutoka Busia kwa lori la usiku,
za ngozi nyekundu, zenye vumbi la gunia,
nami huandika kwa penseli,
maana mkopo wa asubuhi hufutwa jioni.

Bukuru, kilo sita.
Butoyi nduguye, kilo sita.
Mapacha. Hata mizani ilishindwa kuwatenganisha.
Yule wa Makamba asiyetaja jina, kilo nne;
nilimwandika Kofia.

Kumi na wanane, kila alfajiri,
wanaosema wanakwenda "kurara"
pale sisi tunapokwenda kulala.
Jumatatu ile walikutwa River Road
beseni kichwani, mkebe wa makaa mkononi,
wakaulizwa karatasi.
Karatasi walizokuwa nazo
zilikuwa zimefungwa njugu za shilingi kumi.

Alhamisi nilifungua duka, nikafungua daftari.
Magunia yalikaa kama wageni wa matanga.

Redioni bwana mmoja mwenye sauti ya samli
akasema: hawa hawalipi kodi.
Nikachonga penseli.
Sukari ya chai yao ilikuwa na kodi ndani.
Salio la simu, kodi.
Elfu moja ya kumtumia mama, ada,
na juu ya ada, ushuru.
Na ile hamsini ya kila kona
kwa mwenye rungu, isiyo na risiti,
sijui niiandike safu ipi.

Mwenye vyumba Mathare ana makufuli manne mapya.
Mama wa chapati anakanda nusu ya unga.
Lori lililokuja mara nne kwa wiki
sasa laja mara moja, nalo linakohoa.

Lakini sitaki daftari langu liseme uongo.
Musembi, mtoto wa dada yangu,
alikuwa mjengoni Kilimani, akibeba mawe kwa mia saba.
Wakaja vijana wasioweza kumshtaki mtu popote.
Mnyapara akasema mia tano, wakaitika.
Musembi akaambiwa: mia tano, au lango lile pale.
Akalivuka lango.
Anakula kwangu tangu mwezi wa pili,
na nikianza kuwalilia wauza njugu wangu
yeye hutazama sahani.

Ile mia mbili haikwenda Burundi.
Nimeitafuta.
Iko ghorofa ya tisa,
ina dirisha linalotazama Ngong
na hukodishwa kwa dola.

Mgeni siku mbili, tuliambiwa,
ya tatu mpe jembe.
Tulimpa. Akalima, tukala.
Siku ya nne tukamdai
kibali cha kushika mpini.

Nikampa Musembi beseni na kilo sita.
Saa nane alirudi na kilo tano na nusu,
viatu vimefunguka midomo.
"Mama mdogo," akasema, "kumbe jua la mji huu lina meno."
Hakusema tena. Lakini kesho yake
aliniuliza Butoyi alikuwa akianzia mtaa gani.

Bukuru anadaiwa elfu moja na themanini.
Butoyi vilevile, kama ilivyo ada yao.
Kofia, mia saba na ishirini.
Kifutio kipo mezani. Sijakigusa.

Jana alipita askari wa kanju, tumbo mbele,
akachota kiganja kama zamani, akatafuna, akalalamika:
siku hizi karatasi ya njugu ni nyepesi,
na bei imepanda, na wale jamaa wamepotelea wapi?
Nilimtazama mpaka akaacha kutafuna.
Nikampimia robo kilo, bei mpya.
Akanung'unika. Akapapasa mfuko. Akalipa.

Hiyo niliiandika kwa wino.